SHAMBA LETU: Usimuue nyigu wa muhogo

Mwezi huu tuongee juu ya muhogo, maana mgao umepungua na viwanja vyetu ni vidogo, kuanzia Base Camp mpaka Juru na Rubondo.

Mmeshaona ncha za muhogo zimejikunja, na chini ya majani kuna wadudu weupe kama wamepakwa unga? Huyo ni kidung'ata. Alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Afrika mwaka 1973, upande wa Kinshasa na Brazzaville. Wote ni majike, wanazaa bila dume, kwa hiyo mmoja tu anatosha kuanzisha balaa. Alipozidi sana, mashamba yalipoteza hadi asilimia 80 ya mavuno, na sombe pia.

Mwaka 1981 wataalamu walimpata adui yake huko Paraguay: nyigu mdogo wa milimita mbili hivi, jina lake Anagyrus lopezi. Haumi mtu. Anaingiza yai ndani ya kidung'ata, na mtoto wake anamla kutoka ndani. Baada ya wiki mbili tatu nyigu mpya anatoboa tundu, anaruka kutafuta wengine. Mwaka huohuo waliachiliwa Nigeria, kisha katika nchi zaidi ya 20, zikiwemo Kongo, Rwanda, Burundi na Tanzania. Mswisi Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Basi sisi tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kununua dawa ya kupuliza huko Mbarara, geuza majani. Ukiona vidung'ata waliokauka, rangi ya kahawia, wengine wana tundu, jua nyigu yuko kazini. Mwache. Dawa itamuua yeye, lakini kidung'ata amejifunika nta, atabaki na kuongezeka. Tena sombe hiyohiyo ndiyo tunawapikia watoto!

Pili, ukipewa miti ya mbegu na jirani, ikague vizuri. Kidung'ata anasafiri nayo.

Tatu, panda mvua ikianza. Kidung'ata anapenda kiangazi, na muhogo uliokwisha kushika nguvu unamvumilia.

Akina mama na akina baba, waonyesheni watoto tundu hizo. Wana macho makali kutushinda. Tukutane mwezi ujao.