Wanne Ndani ya Gari Moja



Wako wanazuoni waliosema kwamba safari imeitwa *safar* kwa Kiarabu kwa kuwa hufichua tabia za watu, kama alfajiri inavyofichua uso wa ardhi. Maneno hayo nimeyasomesha darsani kwa zaidi ya miaka ishirini nikidhani nayafahamu. Mwezi wa Julai mwaka jana niliingia ndani ya gari la kulala pamoja na marafiki watatu niliosoma nao chuoni utotoni, tukazunguka siku saba katika milima na maziwa ya kisiwa cha kusini cha New Zealand, na huko ndiko nilikoyasoma upya.

Nilieleze kwanza gari lenyewe, maana wajukuu wangu hawachoki kuliuliza. Ni refu mfano wa matatu kubwa. Ndani mna vitanda vinne, jiko la gesi, tangi la maji safi na jingine la maji machafu, na choo ambacho mtu wa kiasi changu hukiingia kwa ubavu. Maji machafu hayamwagwi ovyo. Ziko sehemu maalumu njiani, na zamu ya kuyamwaga haikwepeki hata kwa mwenye kilemba. Watu wa huko huendesha upande wa kushoto kama sisi, jambo lililomtia ushujaa mwenzetu mfanyabiashara wa Mji wa Kale, akaushika usukani tangu siku ya kwanza. Mwenyeji wetu, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Christchurch zamani, alimwonya jambo moja tu: dizeli ijazwe kwenye vituo vya milimani, kwani ile inayouzwa pwani huweza kuganda tangini usiku wa baridi kali.

Tulitoka Christchurch baada ya sala ya Ijumaa katika Msikiti wa Al Noor. Msomaji anaikumbuka tarehe 15 Machi 2019, na waumini 51 waliouawa katika msikiti huo na ule wa Linwood. Tuliwaombea, tukaondoka kwa utulivu.

Kibla kilitushangaza. Sisi wa Mombasa, ambao Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa, tumezoea mwelekeo mmoja tangu tuanze kusimama. Kule mtu huelekea magharibi, tena akiinamia kusini kidogo, ilhali Makka iko mbali kaskazini mwa nchi ile. Mwenyeji alichukua chungwa na uzi akatuonyesha: njia fupi juu ya kitu cha mviringo hupinda. Mchana nao ni mfupi. Jua huchomoza kwenye saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na moja jioni. Khofu za ngozi nilizonunua kwa kusitasita zikawa rafiki zangu wa dhati, kwani msafiri ana ruhusa ya kupaka juu yake siku tatu na usiku wake, na maji ya kule asubuhi ni kama visu.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Kati ya sisi wanne, wawili walikuwa hawasemezani kwa miaka tisa: huyu mfanyabiashara, na mwalimu mstaafu wa Malindi. Mwenyeji aliwaalika wote wawili bila kumwambia mmoja habari za mwenziwe. Siku mbili za mwanzo maneno yao yalipitia kwangu. "Sheikh, mwambie mwenzako afunge dirisha." "Sheikh, mwambie dereva wako gari si jahazi." Wamekaa hatua mbili baina yao!

Siku ya pili tulilala kando ya ziwa Tekapo. Maji yake yana rangi ya feruzi kwa sababu ya unga wa mawe uliosagwa na mito ya barafu, ukabaki ukielea humo na kuutawanya mwanga. Nilipotoka kabla ya Alfajiri, theluji ikilia chini ya viatu, nilikiona Kilimia juu ya milima upande wa kaskazini mashariki. Wazee wetu walikitazama ili kujua majira ya kulima; Wamaori hukiita Matariki, na kuchomoza kwake wakati huo wa baridi ndiyo ishara ya mwaka wao mpya, ambayo tangu 2022 ni sikukuu ya taifa zima.

Bara ile ya nyasi huitwa Mackenzie, kwa jina la mchungaji wa Kiskoti aliyekamatwa huko mwaka 1855 na kondoo wapatao 1,000 walioibwa. Alihukumiwa miaka mitano ya kazi ngumu, kisha mwaka 1856 akasamehewa kwa kuwa kesi yake ilikuwa na kasoro. Mwenyeji alitusimulia haya tukinywa kahawa ya tangawizi. Mwalimu akasema polepole, akiangalia kikombe chake, "Yeye walau alipata wa kumtazama upya." Mfanyabiashara aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa.

Kisa chao ni hiki. Mwalimu alikopa shilingi laki nne kumalizia nyumba, pasi na maandishi. Mwenye mali husema alirejeshewa laki mbili na ishirini tu. Mwalimu husema salio alilitoa taslimu, katika bahasha, siku ya tatu ya matanga ya mama yake mfanyabiashara.

Na mimi nilikuwapo. Niliiona bahasha ikitolewa, nikamwona mfiwa, macho mekundu, akiisukuma chini ya mto bila kuitazama. Nani aliichukua baadaye kwenye nyumba iliyojaa watu, Mungu ndiye ajuaye. Nilipoulizwa mwaka ule nilijibu, "Sikumbuki vizuri." Nilikumbuka vizuri kabisa. Lakini ndio mwaka ambao mfanyabiashara alikuwa akitununulia mabati ya madrasa, nami nilichelea kumuudhi. Aya ya deni katika Suratul Baqara, na ile inayoifuata, yenye onyo kwa afichaye ushahidi, nimeendelea kuisomesha kila mwaka mbele ya mwalimu huyo huyo.

Siku ya nne tuliiacha Pukaki nyuma yetu, na mlima Aoraki wa mita 3,724 ukisimama mwishoni mwa ziwa. Ni mfupi kuliko Mlima Kenya wetu, lakini siku ile theluji iliuvika hadi miguuni. Tulipofika Omarama tukaambiwa njia ya Lindis imefungwa kwa theluji. Usiku ule tulikaa wanne tumejikunyata, pilau ikitoa mvuke, vioo vikilia maji kwa ndani. Hapakuwa na pa kwenda. Nikasema yote, bahasha, mto na mabati.

Mwalimu alijifunika uso kwa shali. Mfanyabiashara alitoka nje na kufunga mlango. Alikaa kitambo hata mwenyeji akataka kumfuata. Aliporudi ndevu zake zilikuwa na chembe nyeupe. Hakunitazama. Alimwambia mwalimu, "Miaka tisa, ndugu yangu." Hilo ndilo neno lake la kwanza kwake.

Asubuhi njia ilifunguliwa kwa wenye minyororo ya magurudumu. Waliifunga wao wawili, wakigombana kwa sauti juu ya upande upi ndio wa nje. Mimi nilishika taa.

Hadi Queenstown mfanyabiashara hakunisemeza, na tangu turudi hajakanyaga baraza yangu. Simlaumu. Mwezi uliopita nilimpelekea ujumbe kumwomba idhini ya kuandika haya. Jibu lilikuja baada ya siku nne: "Andika, Sheikh. Lakini taja na kiasi, laki moja na elfu themanini. Na mabati pia uyaandike."