Acheni Kulaumu Programu, Angalieni Shafti

Wasee wa roboti, leo tuambiane ukweli. Kila msimu wa mashindano ni hadithi ile ile. Roboti inasimama katikati ya uwanja, gurudumu moja linazunguka bure, na timu nzima inamkodolea macho mse wa programu. Masikini hata hajakosea. Kimelegea kiskrubu kinachoshika gurudumu kwenye shafti, basi.

Msimamo wangu ni huu: kama timu yenu iko na doo kidogo, ya kwanza iende kwa shafti, halafu giaboksi, halafu magurudumu. Mota kali na taa za rangi zitangoja.

Shafti ya mviringo inategemea skrubu moja ibane chuma laini. Roboti ikigeuka ghafla mara mia, ile skrubu inaachilia. Shafti ya pembe sita haina huo mchezo. Tundu la gurudumu nalo lina pembe sita, kwa hivyo haliwezi kuteleza hata likitaka. Kwa FIRST Tech Challenge, mechi ni dakika 2 na nusu tu, na sekunde 30 za kwanza roboti inajiendesha yenyewe. Skrubu ikilegea hapo, umeenda. Na tafadhali, shafti ishikwe na beringi mbili, moja kila upande wa gurudumu. Gurudumu likining'inia upande mmoja, shafti inapinda pole pole, na shafti iliyopinda inatafuna gia na kumaliza betri.

Sasa giaboksi. Kasi na nguvu ni ndugu wanaokula sahani moja: mmoja akiongezewa, mwingine anapunguziwa. Lori likipanda Mai Mahiu na mzigo, dereva anarudi gia ya chini, si ati hajui kukimbia. Lakini wasee wengi wananunua giaboksi ya kasi kwa sababu ya sifa.

Pigeni hesabu kwanza. Chukua giaboksi inayotoa mizunguko 312 kwa dakika, na gurudumu la kipenyo cha milimita 96. Zidisha 96 kwa 3.14: kila mzunguko unakupeleka kama milimita 301. Mizunguko 312 kwa dakika ni 5.2 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mita 1.57 kwa sekunde, kabla uzito na msuguano hazijakata zao. Uwanja wenyewe ni kama mita 3.6 kila upande. Kwani ukitaka mara mbili ya hiyo kasi, unakimbilia wapi?

Magurudumu nayo yana siasa zake. Likiwa kubwa, roboti inaenda mbio lakini inasukuma kwa unyonge. Halafu kuna mekanamu, yale ya viroli vilivyolala kwa digrii 45, yanayokuwezesha kwenda kando bila kugeuka. Yako fiti, lakini yanataka mota 4, kila gurudumu na yake, na kwa vita ya kusukumana hayawezi mpira wenye mshiko mzuri. Kama mchezo wa mwaka huu ni wa kusukumana, ule urembo wa nini?

Najua mtaniambia shule tajiri zinaagiza vifaa ng'ambo. Sawa, lakini fundi wa leithi pale Kariobangi Light Industries anaweza kukuchongea kipande ukimpelekea mchoro wenye vipimo. Na ile hesabu hapo juu hailipiwi. Mimi niliacha campus, na hata sikuihitaji: mzingo wa duara tulifunzwa shule ya msingi. Timu isiyo na pesa ikipiga hesabu yake vizuri, inaweza kuangusha timu tajiri inayobahatisha. Hapo ndipo tuna nafasi, na tunaitupa kwa sababu ya skrubu.

Kwa hivyo leo, kabla hujagusa kompyuta, pindua roboti yenu. Shika kila gurudumu, litikise. Likicheza, hiyo ndiyo kazi ya wikendi.