Usafi wa Gari-Nyumba: Uliza Kwanza Kilichomo Ndooni

 

Mwezi huu tunajibu swali la dada yetu mmoja anayeishi Marekani pamoja na mumewe na watoto. Wamenunua gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambalo familia nyingi za huko husafiria wakati wa likizo. Dada huyu anasema kuliosha kwa mkono humchukua siku nzima, akipanda na kushuka ngazi, na jioni mgongo hauna hali. Amesikia kwamba vituo vya kuoshea malori hupokea magari ya namna hiyo. Anauliza: je, ni salama kwa gari, na ni salama kwa watoto?

Jibu letu la kwanza ni kwamba vituo hivyo ni msaada mkubwa. Magari-nyumba makubwa hufikia kimo cha zaidi ya mita 3.5, kwa hiyo hayaingii katika mashine za kuoshea magari madogo. Vituo vya malori vimejengwa kwa magari marefu. Kampuni ya Blue Beacon, iliyoanzia mji wa Salina katika jimbo la Kansas mwaka 1973, ina vituo zaidi ya 100 kando ya barabara kuu, na huosha magari-nyumba pia. Wafanyakazi hulizunguka gari wakiwa na mipira ya maji ya nguvu, na kazi ya siku nzima huisha kwa muda mfupi. Sisi wauguzi tumeona mifupa mingi iliyovunjika kwa kuanguka kutoka ngazini. Mama akiepushwa na ngazi, hiyo peke yake ni faida.

Hata hivyo, gari-nyumba si lori. Lori lina bodi ngumu ya chuma. Gari-nyumba lina madirisha mengi, matundu ya kupitishia hewa, stika za mapambo, na viungio vilivyozibwa kwa gundi laini. Maji ya nguvu yakielekezwa hapo kwa karibu hubandua stika na kupenya ndani ya kuta. Maji yakiingia ukutani, baada ya muda huja ukungu, na ukungu huwasumbua watoto wenye pumu.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia kituoni fanya haya:

1. Funga madirisha yote na matundu ya paa. Kunja turubai la kivuli, shusha antena, na rudisha ndani sehemu zote zinazochomoza ubavuni.

2. Zima hita ya maji na kila kitu kinachowaka kwa gesi.

3. Mwambie msimamizi wapunguze nguvu ya maji, wasimame mbali kidogo, na wasielekeze mpira kwenye matundu, stika na viungio vya paa.

4. Watoto wasitembee mahali pa kuoshea. Wakae na mtu mzima katika chumba cha kungojea mpaka kazi iishe.

La tano ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lililotufanya tuandike: uliza kilichomo ndooni.

Malori mengi yana ringi na matangi ya alumini, na wenyewe hupenda yang'ae. Dawa nyingi za kung'arisha alumini zina asidi ya haidrofloriki, au chumvi ambazo hugeuka kuwa asidi hiyo zikichanganyika na maji. Asidi hii hula hata kioo, hivyo inaweza kufifisha madirisha ya gari lako. Ubaya wake mkubwa lakini uko kwa mwanadamu.

Asidi nyingine huunguza ngozi mara moja, na mtu huruka kwa maumivu. Hii ikiwa imechanganywa na maji mengi inaweza isiume papo hapo. Maumivu huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata kufikia saa 24, huku ikiendelea kupenya chini ya ngozi kuelekea mfupani. Huko huikamata kalsiamu ya mwili. Kalsiamu hiyo haijengi mifupa tu, bali huufanya moyo upige sawasawa. Ndiyo maana jeraha linaloonekana dogo laweza kuuvuruga moyo.

Ripoti iliyotolewa Marekani mwaka 2015 ilieleza habari za wafanyakazi 48 wa jimbo la Washington walioungua kwa asidi hii katika kazi ya kuosha magari na malori, kati ya mwaka 2001 na 2013. Saba walilazwa hospitalini, na wawili kati yao walihitaji upasuaji. Ripoti hiyo ilieleza pia kifo cha mwoshaji malori aliyemeza dawa yenye asidi hiyo. Wapendwa, hao ni watoto wa akina mama wenzetu.

Basi mwambie msimamizi waziwazi: "Gari letu lioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji, tafadhali. Hatutaki dawa ya kung'arisha alumini wala asidi yoyote." Si utovu wa adabu kusema hivyo. Unailinda nyumba yako, na unamlinda pia kijana anayekuoshea.

Ikitokea dawa hiyo imemgusa mtu, usingoje maumivu. Vaa glavu, mvue nguo, pete na saa, kisha mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka, angalau dakika 15. Jicho nalo lioshwe hivyo hivyo. Kama ipo jeli ya kalsiamu glukonati, ipakwe kwenye ngozi, isitiwe machoni. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Kwa vyovyote afikishwe hospitali haraka, na mchukue chupa ya dawa ili daktari asome jina lake. Walioko Marekani wapige 911, au 1-800-222-1222 ambayo ni simu ya wataalamu wa sumu.

Sisi tulioko huku nyumbani tusidhani habari hii haituhusu. Basi la kwaya nalo huoshwa kwa mashine za presha kando ya barabara. Anayelipeleka na aulize dawa iliyomo katika dumu. Mama ambaye mumewe au mwanawe anafanya kazi ya kuosha magari amshauri avae glavu na buti, na nguo zake za kazi zifuliwe peke yake. Dawa yoyote isiletwe nyumbani katika chupa ya soda. Tunajua watoto wanavyokunywa mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto huijua chupa, haijui sumu.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Waisraeli waliagizwa kwamba ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo juu ya paa, ili asiwe na hatia mtu akianguka. Mungu hakudharau jambo hilo la ukingo wa paa. Nyumba yenye magurudumu nayo ni nyumba, na anayeiosha ni mgeni wetu kwa saa ile. Swali moja kabla ya maji kufunguliwa ndilo ukingo wetu.

Dada yetu, nenda kituoni kwa amani, upumzishe mgongo wako. Bwana awalinde safarini. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.