Moshi Ule ni Kuni Zako

Ndugu zangu wa Nakivale na wa Mbarara, wakimbizi na wenyeji, naomba leo tuzungumze habari za jikoni. Nani kati yetu hajalalamikia bei ya gunia la makaa? Nani hajakutana na mama au binti anayerudi jioni na mzigo wa kuni kichwani, akiwa amezifuata mbali zaidi ya pale alipozipata zamani?

Kambi ya Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958. Tangu hapo imepokea watu wa Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na kila aliyefika amehitaji kupika. Wenyeji wa Isingiro nao wanapika. Miti imepungua vilimani, wala hakuna wa kunyooshewa kidole, maana mtoto lazima ale. Ninachouliza ni hiki: ile kuni uliyoitafuta kwa jasho, nishati iliyomo ndani yake inaishia wapi?

Shuleni watoto wetu wanafundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, hubadilika umbo tu. Mwingereza James Joule alilipima jambo hili kwa makini miaka ya 1840. Mwanga wa jua uliangukia jani, na mti ukauhifadhi ndani ya mbao kama nishati ya kikemikali. Ukiwasha moto, nishati hiyo inageuka joto na mwanga. Joto linaivisha maharage, maharage yanaingia mwilini, na kesho asubuhi ni yaleyale yanayoinua jembe shambani.

Sasa kama haipotei, mbona kuni zinakwisha na maharage bado magumu?

Ni kwa sababu kila inapobadilika, sehemu yake huponyoka na kwenda tusikotaka. Tuchukue lita 5 za maji. Joto la kuyachemsha limo ndani ya gramu 100 hivi za kuni kavu, yaani kijiti kimoja cha kushika mkononi. Lakini kwenye mafiga matatu, upepo ukivuma, tunachoma karibu kilo nzima. Sehemu kama 9 kati ya 10 zimepasha hewa, mawe na kuta za jiko.

Na moshi je? Moshi ule mzito ni kuni ambazo hazijaungua sawasawa. Ni nishati yako inayotoka kupitia paa, na njiani inamchoma mama macho na kumkohoza mtoto aliye mgongoni. Moto unaopata hewa ya kutosha, wenye kuni nyembamba zilizopasuliwa, hutoa moshi kidogo na joto jingi. Kuni mbichi ina shida zaidi, kwani karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji, na moto lazima uyafukuze kwanza kabla haujakumbuka sufuria yako. Je, huwezi kutenga pembe moja chini ya paa, kuni za wiki ijayo zikaukie hapo?

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatukufundishwa. Mbarara iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu namna hii maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Yakishaanza kuchemka, hata ukiongeza kuni tano hayapati moto zaidi ya hapo. Unaongeza mvuke tu. Kwa hiyo maji yakichemka, vuta kuni nyuma, funika sufuria, acha itokote taratibu. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku hayataki zaidi ya hapo.

Akina mama wengine huivishia maharage ndani ya kapu, nami nalipenda sana kapu hili kwa sababu halihitaji kununuliwa dukani. Chukua kapu kubwa, tandika majani makavu ya migomba chini na pembeni, kisha blanketi kuukuu. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika 20 hivi, kwa nguvu. Sufuria ikiwa bado inatokota na imefunikwa vizuri, itie kapuni, juu yake weka blanketi na majani mengine, na usifungue kwa saa 3 au 4. Joto lililokuwa likiponyoka sasa limezuiwa, linaendelea kupika wakati wewe uko shambani. Kabla ya kupakua, yachemshe tena.

Ndugu zangu wa Mbarara mjini, mnaopikia sigiri, msidhani habari hii ni ya kambini peke yake. Kilo 1 ya makaa kutoka tanuri la udongo yaweza kuwa imekula kilo 5 hadi 10 za kuni, huko porini ambako hatukuona. Wenye hoteli na mabanda ya chapati, je, maganda yenu ya matoke yanakwenda wapi? Yakikaushwa, yakachomwa kwa hewa kidogo na kufinyangwa kwa uji wa muhogo, yanakuwa makaa. Wafugaji nao wana samadi, na samadi hutoa gesi ya kupikia. Na tafadhali sana, sigiri isilale chumbani na watoto hata kama usiku ni wa baridi. Makaa yanayokosa hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Wenye sola, futeni vumbi kwenye paneli. Paneli nzuri hugeuza sehemu kama 1 kati ya 5 za mwanga wa jua kuwa umeme, basi vumbi lisitunyang'anye hata hiyo. Kwa wenye umeme wa gridi, sehemu kubwa ni nguvu ya maji ya Nile yanayoporomoka, kule Jinja tangu 1954 na sasa Karuma pia. Ukiuingiza katika balbu ya zamani yenye waya unaowaka, karibu wote unageuka joto. Balbu ya LED inatoa mwanga uleule kwa umeme kidogo sana. Na wewe kijana wa boda, karibu robo tatu ya petroli yako inatoka kama joto hata ukiendesha vizuri. Pima upepo wa tairi, usikimbie ili ufunge breki.

Walimu wetu, mna nafasi kubwa kuliko sisi sote. Azimeni mizani dukani. Wapeni watoto kazi ya kupima kuni za nyumbani kabla ya kupika maharage, Jumatatu bila kuloweka na sufuria wazi, Jumatano yakiwa yamelowekwa na sufuria imefunikwa, kiasi kilekile cha maharage. Waandike tofauti kwenye daftari, kisha wawasomee wazazi. Na kwenye mkutano ujao wa wazazi, ombeni nafasi mbandike hesabu hizo ukutani, kijiji kwa kijiji, kuanzia Base Camp, Juru na Rubondo hadi shule za mjini.