Nani analipa ili gorila aishi?

Mwaka 2018 gorila wa milimani alitolewa katika kundi la wanyama walio hatarini kabisa, akawekwa katika kundi la walio hatarini. Wamebaki zaidi kidogo ya 1,000 duniani kote, na sehemu yao wanaishi katika Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925. Ni habari njema, lakini kuna swali la mfuko: nani anakubali kulipa, na kwa nini?

Wataalamu wa uchumi huwauliza watu: ungetoa pesa ngapi ili mnyama huyu asiishe? Jibu halitegemei mshahara tu. Mara nyingi, anayeamini kwamba mnyama ana haki ya kuwapo hata asipotufaa kitu hukubali kutoa zaidi kuliko anayeona kwamba vyote viliwekwa kwa matumizi yetu. Ndiyo maana kuna wageni wanaolipa dola 1,500 huko Rwanda, bei iliyowekwa 2017, ili wakae na gorila saa moja.

Sisi nasi tuliuliza swali hilo baada ya ibada. Mama mmoja anayelima kando ya msitu akatujibu: «Pastor, wale ni wanyama wa wazungu. Mimi nilishalipa kwa mahindi yangu, tembo wakala yote.» Tulinyamaza, maana tulikuwa tumejiandaa kumfundisha.

Ukiuliza dola peke yake, mama huyu ataonekana hajali. Lakini kwetu Kivu watu hulipa kwa shamba, kwa kukosa kuni, hata kwa damu: walinzi zaidi ya 200 wameuawa Virunga. Wengine walilipa bila kuulizwa. Batwa wa Kahuzi-Biega walifukuzwa msituni miaka ya 1970, na ni 2024 tu ndipo ulipotangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliowapa haki. Aliyenyang'anywa nyumba kwa jina la gorila, utamwombaje ampende gorila?

Hatusemi kwamba mtazamo wa watu wetu hauna kasoro. Gorila waliopigwa risasi Virunga Julai 2007 hawakuuawa kwa ajili ya nyama. Maiti ziliachwa palepale. Shaka iliangukia biashara ya makala, kwa kuwa gorila akiwa hai, msitu unalindwa. Na makala hayo yana wanunuzi. Tangu 2015 kituo cha Matebe, Rutshuru, kinatoa umeme wa maji, lakini kuunganishwa ni gharama, na familia nyingi za Goma bado zinapikia makala.

Hata sisi wachungaji. Katika semina yetu ya mwisho tulihubiri Mwanzo 2:15 asubuhi, na mchana tukala chakula kilichopikwa kwa makala. Hakuna kati yetu aliyeuliza magunia yale yalitoka msitu gani.