Masomo ya diski yasibague tarakilishi za shule

KWA miaka mingi sasa, shule na wakulima wa eneo la kati la Bonde la Ufa wamekuwa wakihimizwa kukumbatia teknolojia. Hata hivyo, kuna swali ambalo aghalabu husahaulika katika hotuba hizo: Je, diski au flashi iliyonunuliwa kwa pesa za mlipaushuru itafunguka katika tarakilishi zipi?

Swali hili si la mafundi pekee. Mpango wa Kuchochea Uchumi (ESP), ulioanzishwa mwaka wa 2009, uliziwezesha baadhi ya shule za upili kupata tarakilishi. Nayo Taasisi ya Elimu Kenya (KIE), ambayo ilibadilishwa kuwa KICD mwaka wa 2013, iliandaa masomo ya kidijitali na kuyatoa katika diski. Kwa shule iliyo Kuresoi au Marigat, mbali na intaneti ya kutegemewa, diski moja ingeweza kuwa maktaba nzima.

Tatizo ni kwamba tarakilishi za shule hazifanani. Kunazo zilizonunuliwa zikiwa mpya na zinazotumia Windows. Kunazo pia zilizotolewa kama msaada baada ya kutumika ng'ambo, na baadhi ya hizo huwekwa Linux kwa sababu haihitaji kulipiwa leseni.

Tangu mwaka wa 1995, Windows iliundwa kutafuta faili ndogo iitwayo autorun.inf pindi diski inapoingizwa. Faili hiyo hutaja programu inayopaswa kuanzishwa, na somo likafunguka lenyewe. Linux haiitii faili hiyo. Baadhi ya matoleo yake hutafuta nyingine iitwayo autorun.sh, na hata ikipatikana, mtumiaji huombwa idhini kwanza. Mac OS X nayo haianzishi programu ya diski bila kuamriwa.

Matokeo ni kuwa diski iliyoundwa kwa kufikiria Windows pekee hukaa kimya katika mashine nyingine. Mwalimu hudhani imeharibika, huirejesha kabatini, na wanafunzi wakakosa somo lililokwisha kulipiwa.

Je, diski moja yaweza kuhudumia mifumo yote? Naam. Mpangilio wa ISO 9660, uliokubaliwa kimataifa mwaka wa 1988, husomwa na mashine za kila aina. Ukiongezewa Joliet kwa ajili ya Windows na Rock Ridge kwa ajili ya Linux, hata majina marefu ya faili huonekana sawasawa. Lakini ili somo lianze lenyewe, mtengenezaji hulazimika kuandaa programu ya kila mfumo na kuijaribu, na kazi hiyo huongeza gharama.

Isitoshe, kujifungua huko kuna hatari zake. Kirusi cha Conficker, kilichozuka Novemba 2008, kilitumia mwanya uo huo kuenea kupitia flashi. Ndiposa Windows 7, iliyotolewa mwaka wa 2009, ikazuia programu za flashi kujianzisha, na Februari 2011 Microsoft ikaeneza kinga hiyo kwa matoleo ya awali. Shule ambako flashi moja huzunguka kutoka duka la intaneti mjini hadi maabara haiwezi kupuuza funzo hilo.

Njia nafuu basi ni kuliandaa somo kama kurasa za HTML zinazofunguliwa kwa kivinjari chochote, ukurasa wa kwanza ukiitwa index.html, pamoja na maelezo mafupi juu ya jalada la diski. Majina ya faili yaandikwe kwa herufi ndogo, kwani Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Aidha, masomo yasitegemee programu ya kampuni moja. Adobe ilipoacha kuihudumia Flash Player mwishoni mwa 2020, kazi nyingi zilizoitegemea ziligeuka mzigo.

Wapo watakaosema kuwa enzi ya diski imepita, kwani vipakatalishi vingi vipya havina hata pa kuziingiza. Ni kweli. Lakini vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka wa 2016 havikuliondoa swali hilo. Programu iliyoundwa kwa aina moja ya kifaa bado humwacha nje mwenye kifaa kingine.

Kaunti zina nafasi ya kuongoza. Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na sehemu kubwa ya huduma za kilimo ziko mikononi mwao. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, ina vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak karibu. Ingeweza kuandika sharti moja katika zabuni zake: hakuna malipo hadi bidhaa ijaribiwe katika Windows, Linux na simu ya kawaida.

Sharti hilo haligharimu pesa nyingi. Kinachogharimu ni kununua masomo ambayo nusu ya darasa haiwezi kuyafungua.