Dogo wa Morotonga aanze na vyumba vinne

Kila dirisha la usajili likifungwa, picha ni zilezile. Dogo kasaini, kashika jezi mpya, wiki mbili baadaye yupo mtandaoni kaegemea gari. Mtu kununua gari si dhambi. Tatizo ni kwamba gari hununuliwa kabla ya kiwanja, na mkataba wa miaka miwili unaisha likiwa gereji.

Mkoa wa Mara unajua vizuri jinsi mambo ya mpira yanavyogeuka. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, msimu wa 2020/21 ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 ikaichapa Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 nyumbani, halafu ikashindwa kusafiri kwenda kurudiana. Safari ikafia hapo. Msimu huohuo ulipoisha, timu ilikuwa imeshuka daraja. Wachezaji waliokuwa wanaota makundi ya Afrika wakarudi kutafuta timu, na mwenye nyumba hapokei kodi ya ndoto.

Sasa tuseme kuna dogo wa kata ya Morotonga, wilayani Serengeti. Ana miaka 21, kapata dili lake la kwanza la maana na mkwanja wa usajili umeingia. Wazee wanamwambia anunue ng'ombe, na kwa Mara huo si ushauri wa kubeza. Washkaji wanamwambia ajenge Dar. Lakini ukanda wa Mugumu una wapangaji: walimu wapya, wauguzi, madereva wa watalii, watu wa hifadhi, vijana wa bodaboda na wenye maduka. Barabara ya Makutano, Nata hadi Mugumu, iliyojengwa kwa vipande kwa miaka mingi, nayo imefanya watu waanze kuuliza bei za viwanja. Kwa anayeanza, mahali anapojua nani jirani na maji yanasimama wapi masika ni bora kuliko kiwanja cha Dar alichoonyeshwa na dalali kwenye simu.

Hesabu yenyewe haina mbwembwe, na hapo ndipo madogo wengi wanapodanganywa. Tuchukue mfano wa vyumba vinne, kila kimoja Sh40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh1,920,000, na wengi huishia hapo wakaanza kushangilia. Lakini chumba hakikai na mtu miezi yote 12. Mmoja kahamishwa kikazi, mwingine kaoa anataka sebule. Ukihesabu miezi 10 ya kodi, inabaki Sh1,600,000. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, yaani Sh160,000 ya TRA. Kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni Sh1,500 kwa mwezi, ni Sh18,000. Weka Sh160,000 nyingine ya kitasa, bomba, rangi na bati lililong'olewa na upepo. Inabaki Sh1,262,000.

Kama ujenzi na kiwanja vilimgharimu Sh14 milioni, pesa yake inarudi baada ya miaka 11 hivi. Bei zitatofautiana, lakini picha ni hiyo. Nyumba ya kupangisha haitajirishi mtu msimu huu. Dogo wa miaka 21 atakuwa na 32 inapomaliza kujilipa, umri ambao kocha ameanza kumwingiza dakika ya 80. Kuanzia hapo kila kodi ni yake, wakati mshahara wa mpira unakata. Ndiyo maana nyumba inatakiwa ianze mapema, siyo baada ya goti kugoma.

Na ianze ndogo, imalizike. Kanda ya Ziwa yote imejaa maboma ya vyumba sita yaliyoota majani kwenye lenta, kwa sababu mwenyewe alitaka nyumba ya kumwonyesha mtu. Vyumba viwili vyenye bati, choo, umeme na maji vinaleta kodi mwezi ujao. Boma la vyumba sita linaleta mbuzi. Vyumba vingine vijengwe kwa usajili unaofuata, siyo kwa mkopo unaotegemea bonasi za ushindi.

Kabla ya tofali la kwanza kuna karatasi, na hapa ndipo wachezaji wanapigwa sana kwa sababu wako kambini. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti siyo hati. Aende ofisi ya ardhi ya halmashauri aulize kama kiwanja kimepimwa, ni cha nani, na kama si ardhi ya kijiji yenye utaratibu wake. Majirani waonyeshe mipaka mchana kweupe. Mke wa muuzaji asaini, na kama ni wake watatu, wasaini watatu. Mama aliyekuwa analima pale bila kuambiwa anaweza kuibuka wakati ukuta umefika dirishani, na atakuwa na haki ya kusikilizwa.

Kisha jina. Hili ni zito kwa sababu linagusa ndugu. Dogo yuko Mbeya au Mtwara, anatuma pesa, kaka anasimamia. Kaka ananunua kwa jina la kaka, "tutabadilisha ukija." Miaka mitano baadaye kaka kaoa, ana watoto ndani ya nyumba hiyo, na kila mtu ukoo mzima anaijua kuwa ya kaka. Wala si lazima awe mwizi, ni mambo yalivyojipanga tu. Mchezaji anayeogopa kuonekana hana imani na ndugu akumbuke kwamba klabu haimlipi kwa imani, inamlipa kwa mkataba. Jina liwe lake, risiti za saruji na mabati zitumwe kwake kwa picha, na kaka alipwe kwa kazi yake. Msimamizi anayelipwa anaweza kuulizwa. Anayesaidia bure humwulizi kitu.

Nyumba ikisimama, wenye nyumba wapya hukosea kwa wapangaji. Mmoja anachukua yeyote anayekuja na pesa mkononi. Mwingine anadai kodi ya mwaka mzima kwenye mji ambao watu wengi wanaishi kwa msimu, halafu anashangaa vyumba vinakaa vitupu. Miezi mitatu inatosha kwa wengi. Wapangaji wachanganywe pia, kama kikosi. Anayejaza vyumba vyote madereva wa utalii atafurahi msimu wa nyumbu na atalia Aprili na Mei, mvua zikipunguza wageni. Mwaka 2020 corona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, waliotegemea utalii peke yake walikaa bila kipato miezi mingi. Mwalimu analipa kidogo lakini mshahara wake haujui msimu.

Mkataba uandikwe hata kwa chumba cha Sh40,000: kodi kiasi gani, inalipwa lini, umeme wanagawanaje, nani anatengeneza nini, na notisi ya muda gani. Picha za chumba zipigwe siku ya kuingia. Mpangaji akikwama mwezi mmoja, mwenye nyumba aongee naye mapema. Akigoma kabisa, kuna ofisi ya serikali ya eneo na kuna baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kung'oa mlango au kutupa godoro la mtu nje ni kadi nyekundu ya kijinga, maana kesi inahamia kwa mwenye nyumba.

Ulaya wana mifano ya pande zote. Robbie Fowler alianza kununua nyumba za kawaida za kupangisha akiwa bado anacheza, mpaka mashabiki wa Manchester City wakamtungia wimbo wa utani kuhusu nyumba zake. David James, kipa aliyeidakia England zaidi ya mara 50, alitangazwa kufilisika mwaka 2014. James alilipwa vizuri, kwa hiyo ukubwa wa mshahara hauelezi kila kitu.

Klabu zetu zingeweza kusaidia hapa. Siku ya kusaini kuna daktari wa kupima magoti na kuna mpiga picha. Kiti kimoja cha mwanasheria wa kumweleza dogo tofauti ya hati na karatasi ya mauziano hakigharimu hata bonasi ya mechi moja.

Na baba mdogo anayetaka kuhamia chumba cha nne bure? Apewe, ni baba. Lakini naye aandikiwe mkataba, hata kama kodi yake ni mfuko mmoja wa saruji kwa mwezi.